Samaki mmoja anawamaliza wenzake

SWALI: Habari za kazi. Miezi minane iliyopita nilinunua samaki wanane wa mapambo, wadogo kama kidole, wa njano wenye mistari myeusi, wazuri mno, nikawaweka kwenye tangi la lita 60 pamoja na goldifishi wawili wa mwanangu. Sa hivi mmoja kageuka mweusi na anawafukuza wenzake kutwa nzima, goldifishi wote wamekufa, na wale wa njano wamebaki watatu, mapezi yamechanika, wamejibanza juu kwenye kona. Huu ni ugonjwa? Na kuna samaki mkali kuliko huyu? – Mama wa wawili, Tabata.

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mtoto. Ugonjwa hapo hamna, kwa ulivyoeleza huyo ni auratus, na kugeuka mweusi maana yake ni dume limekomaa. Majike na watoto wanabaki na ile njano, ndo maana dukani wote wanapendeza na muuzaji hasemi kitu.

Huyu katoka Ziwa Nyasa, kule kusini upande wa Malawi, ni katika wale samaki wa miambani wanaoitwa mbuna, na kiukoo ni ndugu wa perege kabisa. Kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe, sasa jiwe lake ndo shamba lake na ndo nyumba ya kuitia majike, akija dume mwingine au yeyote anayefanana naye lazima amtoe. Ziwani anayefukuzwa anakimbia mita chache yameisha, ila kwenye lita 60 anakimbilia wapi? Anapigwa asubuhi, anapigwa mchana, hali chakula, mwisho anakufa, na mwenye tangi anasema samaki ana roho mbaya wakati kioo ndo kimemfungia mwenzie njia. Hilo linaniuma kweli maana barua kama yako napata nyingi.

Wakali zaidi wapo. Dovii wa Amerika ya Kati, kuanzia Honduras mpaka Costa Rica, anaweza kufika sentimita 70 na watu wengi wanaishia kumfuga peke yake. Lakini kwa ukubwa wa sentimita 11 hivi, auratus mi namweka juu kabisa, na kwa anayeanza kufuga simshauri hata kidogo.

La kufanya leo hii, mtoe huyo dume weka kwenye ndoo au tangi lingine, wale watatu wapumue. Ukitaka kuendelea nae tafuta tangi lenye urefu wa sentimita 120 hivi, lita 200 au zaidi, dume abaki mmoja tu na majike wanne au watano, panga mawe mengi yenye mapango mpaka karibu na juu (yakae imara jamani, yakidondoka yanapasua kioo), na siku unamrudisha yapange upya yote ili akute mtaa mgeni hana pa kudai. Wengine wanajaza mbuna wengi makusudi ili ukali ugawanyike asionewe mmoja, inasaidia, ila chujio liwe na nguvu na maji ubadilishe kila wiki. Goldifishi usirudishe kabisa, yule anapenda maji ya baridi kidogo na ni mzito kukimbia.

Chakula nacho wape cha majani zaidi, spirulina (chakula cha mwani) au mchicha uliochemshwa kidogo. Ukiwazoesha nyama nyama tumbo linavimba na wengi hawaponi.

Na ukiona jike kidevu kimejaa na chakula anakikataa, usikimbilie dawa, kabeba mayai mdomoni huyo. Atakaa hivyo kama wiki tatu bila kula, mtenge taratibu kwenye tangi dogo na mwite mwanao aje aone vile vitoto vinavyotoka mdomoni kwa mama yao.