Kabla hujachoma pori la Bunyakiri

Kijana mmoja wa Bukavu, huku Kivu ya Kusini, Kongo, ameniandikia. Amenunua kipande cha pori upande wa Bunyakiri, anataka kukata miti, auze makala ya kupikia, achome mabaki kisha apande maharagi. Anauliza: majivu yatamfaa miaka mingapi?

Ndugu yangu, misimu michache tu. Majivu yana potasi na chokaa, mvua inayapeleka. Nilisema hivyo kwetu Kabare nilipotoka shuleni kusomea kilimo, mzee mmoja akanijibu mbele ya watu wote: "Udongo wetu ni mweusi, agronomu, wewe utatufundisha nini?" Jibu lile linaniuma hadi leo.

Weusi ule ni kaboni. Sehemu yake ni mabaki ya majani na mizizi, nayo huoza upesi jembe likianza kazi. Sehemu nyingine vijidudu vya udongo vimekwisha kuila na kuigeuza, ikanata kwenye chembe laini kabisa, kwenye madini ya chuma na alumini. Hiyo inaweza kukaa mamia ya miaka, na udongo wa volkeno tulio nao Kivu unaishika kwa nguvu. Ndiyo sababu shamba jipya linakudanganya: unavuna vizuri, rangi haijabadilika, kumbe akiba ya kaboni inapungua. Tafiti za nchi za joto zikijumlishwa, msitu wa asili ukigeuzwa shamba la mazao, udongo hupoteza wastani wa robo ya kaboni yake.

Na kwetu ni milima. Mvua ikishuka kwenye mteremko mtupu inabeba kaboni pamoja na zile chembe zilizoishika, vyote vinaishia mitoni na ziwani. Kinachobaki ni udongo mwekundu wa chini: chuma tele, kaboni kidogo, maharagi yenye majani ya manjano.

Shambani kwangu nilipanda mistari ya nyasi za setaria kukata mteremko, nikatandaza majani ya tithonia, kile kichaka cha maua ya manjano cha kando ya barabara, na samadi ya mbuzi. Watoto wa mzee yule sasa wanakuja kwangu kuchukua vishina vya setaria. Nawapa, na ninajivunia.

Kwa hiyo usichome. Funika udongo. Nasema tena, usichome! Vijana wa Bukavu tunapenda faranga za haraka, wajukuu tutawaachia mawe. Pori liache lisimame. Kodi shamba lililochoka huku Kabare au Walungu, madini yake bado yanaweza kupokea kaboni ukiyalisha kila msimu. Vishina vya setaria ninavyo, njoo uvichukue kabla ya mvua za Septemba.