Jeli ya "nano" haiwezi kushika nafasi ya dripu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 52, ana saratani ya titi, na ameshapata dripu mbili za dawa za saratani kati ya nane anazotakiwa kupata kabla ya upasuaji. Nywele zimenyonyoka na anatapika sana. Jirani amemletea kopo la jeli aliyonunua sokoni, akisema ni teknolojia ya nano: ukiipaka juu ya titi inaifuata saratani moja kwa moja bila kugusa sehemu nyingine ya mwili. Nimesoma kwamba wanasayansi kweli wanatumia jeli na nano kupeleka dawa kwenye uvimbe. Je, aache dripu atumie hii? – Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU LA MFAMASIA WA DAWA ZA SARATANI: Marahaba, mwanangu. Mama asiache dripu, na jeli hiyo asiipake. Haupiti mwezi bila kuulizwa swali la namna hii, na mara nyingi anayeuliza ni mtu makini kama wewe, aliyesoma habari ya kweli kisha akauziwa kitu kingine kabisa kwa jina la habari hiyo.

Dawa za saratani zilizofungwa ndani ya chembe ndogo mno, ndizo ziitwazo nano, zipo. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1995: ni doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo huenda mama yako naye anaipata, ikiwa imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), wakati chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,000. Mwaka 2005 ikafuata paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, iliyobebwa na protini iitwayo albumini. Zote mbili huingizwa kwenye mshipa kwa dripu, hospitalini.

Neno linaloniumiza katika maelezo ya muuzaji ni "inaifuata". Hakuna chembe ya nano inayoifuata saratani. Chembe hizi huenda kokote damu inakokwenda. Mwaka 1986 watafiti wa Kijapani walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe hukua ovyo na kuacha upenyo mkubwa kuliko mishipa ya kawaida, hivyo chembe za ukubwa fulani hupenya hapo na kubaki. Wavuvi wetu wataelewa upesi kwamba jambo hili ni la ukubwa wa macho ya wavu, na samaki hachagui. Hata kupenya huko ni kudogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, ulionyesha kuwa kwa kadirio la kati asilimia 0.7 tu ya dawa iliyodungwa ndiyo iliyoufikia uvimbe. Ni kama mitumbwi 1,000 iondoke Nansio, kisha 7 tu ndiyo ifike Mwaloni. Sehemu kubwa ya chembe zilizobaki hunaswa na ini na wengu. Faida kubwa ya kifuko kile cha mafuta ni kwamba dawa huudhuru moyo kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini badala yake wagonjwa wengi huungua viganja na nyayo. Kwa hiyo hata dawa halisi ya nano, iliyopimwa kwa miaka mingi, inagusa mwili mwingine.

Jeli nazo zipo, lakini kazi yake ni kuikalisha dawa mahali ilipowekwa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha jeli yenye dawa ya mitomaisini kwa ajili ya aina moja ya saratani ya njia ya juu ya mkojo: ikiwa baridi ni kimiminika, ikipata joto la mwili inaganda, na hivyo mkojo hauisombi dawa haraka. Daktari huipitisha kwa mpira maalumu hadi mahali penyewe. Haipakwi kwenye ngozi.

Ngozi imeumbwa kuzuia. Molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida sana. Doksorubisini ina 543 na paklitakseli ina 854. Ipo krimu ya fluorourasili kwa baadhi ya saratani nyembamba za juu ya ngozi, ambako dawa haina safari ndefu, lakini uvimbe wa titi si ugonjwa wa ngozi. Tena, hata kama jeli ingepenya, dripu za kabla ya upasuaji zinatafuta pia seli ambazo huenda zimekwisha kutoka kwenye titi na kwenda kwenye mapafu, ini au mifupa. Kitu kinachopakwa kifuani kitazifikiaje?

Ninawaonya wote wanaosoma hapa. Baadhi ya dawa za kupaka zinazouzwa kwa wagonjwa wa saratani huunguza ngozi, kisha nyama inayomeguka na maji yanayotoka huonyeshwa kuwa ndiyo saratani inatoka. Saratani haitoki hivyo. Kinachobaki ni kidonda, na uvimbe unaendelea kukua chini yake. Nimewapokea akina mama waliokuja mara ya kwanza na uvimbe mdogo unaotibika, wakaondoka, wakarudi baada ya miezi titi likiwa limeoza. Anayewauzia waulizeni jina la dawa iliyomo, kiasi chake, na namba ya usajili wa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Asiye na majibu hayo hana dawa, hata kama kopo lake limeandikwa maneno ya kisayansi kuanzia juu hadi chini.

Kuhusu kutapika, usisubiri siku ya dripu ya tatu: rudini kliniki mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia kutapika ziko za aina kadhaa na zinaweza kubadilishwa au kuongezwa. Kama mama ameshapaka jeli hiyo, njooni na kopo lenyewe bila kuficha, kwani baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka, na mchubuko mdogo tu wa ngozi unaweza kuingiza maambukizi makubwa. Joto lake likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.