Kwa Wanaoanza Kumtafiti Lemuri-Panya wa Bi Berthe katika Msitu wa Kirindy

Ninyi mnaojiandaa kwenda magharibi mwa Madagaska kumtafiti Microcebus berthae, yaani lemuri-panya wa Bi Berthe, mtakutana na mnyama ambaye, akiwa mzima, ana uzito wa takriban gramu 30, na ambaye hakuna primati (jamii ya nyani, kima na lemuri) anayejulikana aliye mdogo kuliko yeye. Hata hivyo, ugumu mkubwa wa kazi hii si udogo wake, bali ni urahisi wa kumchanganya na jamaa zake. Kwa hiyo nawasihi suala la utambuzi mlitangulize kabla ya mitego na kabla ya takwimu.

Anzeni na maandishi. Mwaka 1994 lemuri-panya mdogo wa Kirindy alitambulishwa kwa jina la Microcebus myoxinus, na watafiti wakaendelea kumwita hivyo mpaka mwaka 2000, Rasoloarison, Goodman na Ganzhorn walipomweleza kuwa ni spishi ya peke yake na kumpa jina la kumuenzi Berthe Rakotosamimanana, mtaalamu wa primati wa Kimalagasi. Maana yake ni kwamba makala za miaka ya 1990 zinazozungumzia “myoxinus” wa Kirindy zinamhusu berthae, na mwanafunzi asiyelijua hilo atanukuu matokeo ya mnyama mmoja akidhani ni ya mwingine. Angalieni pia mahali: msitu wa Kirindy ulio kaskazini-mashariki mwa mji wa Morondava si Hifadhi ya Taifa ya Kirindy Mitea, iliyo kusini mwa mji huo.

Msituni kwenyewe mtamkuta lemuri-panya wa kijivu, Microcebus murinus, ambaye mzima wake ana uzito wa karibu gramu 60. Tofauti hiyo huwadanganya wengi, kwa sababu kufikia mwisho wa masika watoto wa spishi hiyo huanza kuingia mitegoni wakiwa bado wepesi, na mizani peke yake haitawatenga. Tazameni rangi ya mgongo, ambayo kwa berthae huelekea wekundu wa kutu, pimeni kichwa na mkia, kisha chunguzeni kama mnyama amekwisha kukomaa. Mahali pa kulala mchana nako hufundisha: majike wa kijivu hupenda mashimo ya miti na mara nyingi hulala pamoja, ilhali berthae kwa kawaida hulala peke yake katikati ya mimea itambaayo na majani yaliyosongamana. Waliozoea kufuata komba katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania wana faida ya kuujua usiku, lakini wasitarajie kukuta kwa berthae makundi ya kulala kama ya komba.

Msitu huu hupukutisha majani, na mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Machi. Katika miezi ya ukame chakula hupungua, na berthae hutegemea sana majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wachanga wanaofyonza miti. Katika miezi hiyohiyo huingia karibu kila siku katika hali ya kuzizima, joto la mwili likishuka kuikaribia hewa ya nje. Kwa hiyo mnyama mliyemkuta mtegoni alfajiri akiwa baridi na asiyetikisika msimdhanie kuwa amekufa wala msimpashe moto kwa haraka. Mwacheni apate joto polepole, kisha mrudisheni palepale aliponaswa giza likiingia. Kifaa cha redio cha kumfuatilia mnyama nacho kipimwe kwa uangalifu kisizidi asilimia 5 ya uzito wake, kwani asilimia 5 ya gramu 30 ni gramu moja na nusu tu.

Spishi hii inaishi pekee Menabe ya Kati, eneo la magharibi mwa Madagaska ulimo msitu wa Kirindy, ambako misitu inakatwa na kuchomwa kwa ajili ya mahindi na karanga, na tangu mwaka 2020 imeorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kuwa iko hatarini kabisa kutoweka. Hali hiyo inaupa thamani hata usiku msiopata kitu. Andikeni idadi ya mitego, saa ilizotegwa na mahali ilipokuwa, hata kama yote imerudi mitupu, kwa sababu bila kumbukumbu hizo hakuna atakayeweza kutofautisha kipande cha msitu ambacho berthae ametoweka na kile ambacho hakijatafutwa.