Kabla Hujachora Twiga Mwingine

Msomaji mmoja wa Githurai ameniandikia wiki hii: "Dada, nichore nini ili kazi yangu ijulikane ni ya Kenya?" Swali hili limekuja mara nyingi tangu michoro yangu ya mama mboga iishe mezani kwenye maonyesho ya mwezi uliopita, kwa hivyo nitajibu hapa kwa wote.

Agosti 2025, Harambee Stars walipoifunga Morocco 1-0 pale Kasarani na kumaliza mechi wakiwa wachezaji kumi uwanjani, simu zetu zilijaa michoro ya Ryan Ogam akishangilia bao lake. Alistahili. Mimi pia nilishika kalamu ya tableti usiku uleule, ila niliyemchora ni mama anayeuza sukuma wiki karibu na stegi yetu ya matatu. Kisu kimelala juu ya majani yaliyokatwa nusu, redio imeegemezwa kwenye ndoo ya rangi iliyojaa nyanya, na jezi nyekundu imevaliwa juu ya sweta, maana Agosti ya Nairobi ina baridi yake. Bendera sikuweka. Kwenye maonyesho watu walisimama wakaonyeshana ile ndoo, mpini wake wa waya, chapa ya rangi iliyobanduka nusu, wakasema hii ni ya kwetu kabisa. Wakanunua. Nilijivunia kazi ile na bado najivunia.

Sikufika hapo bila kuumizwa. Kuna kampuni iliwahi kuniagiza mchoro wa "Kenya halisi". Nikawachorea nganya, yaani matatu iliyorembwa, ya Rongai: kondakta ananing'inia mlangoni, noti zimekunjwa katikati ya vidole, na ubavuni ule mstari wa manjano uliokuja na kanuni za matatu za 2004. Wakataka niongeze twiga na jua linalozama. Nikakataa, hawakunilipa. Baadaye nikaiona nganya yangu ikiuzwa kwenye fulana, saini imekatwa, twiga amebandikwa kando. Hilo linaniuma hadi leo.

Twiga hana kosa. Lakini yuko kwenye sarafu ya shilingi moja tangu 2018, na jengo la KICC liko kwenye kila noti iliyotolewa 2019. Serikali imeshavichora. Wewe chora ambacho hakijachorwa: kibanda cha M-Pesa chenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya, kinyozi na mabango yake ya mitindo, foleni ya chapati jioni. Toka nje, kaa, tazama mpaka ujue vitu vimepangwa vipi. Kijana anayechora Kenya kutoka kwenye picha za watalii hataijua Kenya, hata awe na mkono wa dhahabu.

Na usiniambie huna vifaa. Krita ni programu ya bure kwenye kompyuta, na ibisPaint inafanya kazi kwenye simu. Ukipeleka kazi kwa wachapaji, omba kipande cha majaribio kwanza, kwa sababu kijani kinachong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi. Ukitaka kutumia bendera au nembo ya taifa kwenye bidhaa za kuuza, soma kwanza sheria ya bendera na nembo, Sura ya 99, maana biashara ya namna hiyo inahitaji idhini.

Halafu linda jasho lako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mchoro uliojichorea mwenyewe bila kuagizwa ni wako tangu unapouhifadhi, hata kabla ya kuusajili. Usajili wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, unakupa ushahidi mkononi. Hifadhi faili lenye leya zote, yaani tabaka za mchoro kwenye programu, maana mwizi ana picha tu, hana leya. Mteja ambaye hajalipa mtumie picha ndogo, yenye saini inayopita katikati ya mchoro. Malipo ya awali ni nusu, na yaingie kabla hujafungua tableti. Akikuambia mtaelewana baadaye, mwache aende.