Breki Yenye Kasoro Haiendeshwi Hata Polepole

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtengenezaji wa baiskeli yake ametangaza kurejeshwa kwa breki za toleo lake, yaani zimeonekana zina kasoro na wenye nazo wanatakiwa wabadilishiwe. Kwa kuwa zake bado zinashika vizuri, anakusudia kuendelea kuiendesha polepole hadi kifaa kipya kifike. Nilimjibu asiiendeshe kabisa, na kwa kuwa hakuridhika, naeleza hapa kwa kirefu.

Breki kushika leo si ushahidi kwamba ni nzima. Mwezi Desemba 2013 kampuni ya SRAM ilirejesha breki zake za mafuta za baiskeli za barabarani, baada ya kubainika kwamba katika baridi kali, chini ya nyuzi sifuri, sili (vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje) za silinda kuu, ile inayosukuma mafuta unapobana mkono wa breki, zilishindwa kuhimili shinikizo na nguvu ya breki ikapotea ghafla. Wenye baiskeli waliambiwa waache kuziendesha mara moja. Kasoro ya namna hiyo haimpi mtu dalili yoyote siku ya joto, hata akienda polepole kiasi gani.

Wakati mwingine breki yenyewe haina neno, na hatari iko kwenye kifaa kilicho jirani nayo. Mwaka 2015 kampuni ya Trek ilirejesha baiskeli zinazokaribia 1,000,000 nchini Marekani na Kanada, kwa sababu mkono wa kufungia gurudumu la mbele, ukifunguka kupita kiasi, uliweza kunasa kwenye diski ya breki na kulisimamisha gurudumu ghafla au kulichomoa. Mwendeshaji mmoja alipooza mikono na miguu. Kipimo walichopewa wenye baiskeli kilikuwa rahisi: mkono ukiwa umefunguliwa, nafasi kati yake na diski isipungue milimita 6, yaani penseli ya kawaida ipite.

Breki za baiskeli yangu nazo zilitangazwa kurejeshwa, lakini baiskeli niliinunua mtumba, kwa hiyo tangazo lilimfikia mtu ambaye hakuwa nayo tena. Mimi nililiona kwa kuwa nina desturi ya kupitia orodha za bidhaa zinazorejeshwa. Niliigeuza baiskeli, nikapangusa vumbi na mafuta chini ya mkono wa breki, kisha nikamulika tochi kwa ubavuni hadi namba ndogo zilizochongwa pale zikasomeka. Tarakimu za mwanzo zililingana na zilizotangazwa, nami nikaikokota baiskeli hadi kwa wakala. Muuzaji aliubana mkono wa breki, akaisukuma baiskeli mbele, gurudumu likakataa kuzunguka. Basi akaniambia, mbele ya wateja wengine, kwamba watu wa siku hizi wanasoma mno na kuwasumbua wenye kazi zao. Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa sababu mtu aliyekwenda kuomba usalama wake hakustahili kufanywa mzushi. Nilimwomba aniandikie kwamba breki ni salama kisha atie sahihi, akakataa.

Nilirudi nikiikokota vilevile, na jambo hilo najivunia. Niliandika moja kwa moja kwa mtengenezaji, nikaambatanisha picha ya namba, na baada ya kufuatilia kwa muda nikaletewa kifaa kipya bila malipo. Fundi alipoifungua silinda ya zamani aliniwekea sili yake kiganjani: ilikuwa nyeusi na laini, na ukingoni ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele, ambao hukuuona mpaka uikunje kidogo kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo breki iliyoshika vizuri dukani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimwachie muuzaji akuamulie kwa kubana mkono mara moja. Linganisha namba ya kifaa chako na ile ya tangazo, tarakimu kwa tarakimu, na ukijibiwa vibaya mlango mmoja, gonga mwingine. Usikubali pia fundi akubadilishie mafuta au akutolee hewa kwenye mfumo kisha akuambie yamekwisha, kwa maana kazi hiyo hurudisha ugumu wa mkono wa breki na kukuficha dalili, ilhali sili mbovu imebaki mle mle. Ninawasikitikia zaidi wanaouza baiskeli za namna hii bila kusema lolote. Kumkabidhi mwenzako hatari unayoijua ni dhuluma, hata kama bei ilikuwa nafuu, na mtoto atakayeipanda hakuwapo mlipokuwa mkipatana.

Kifaa kipya kikifika, hakikisha namba yake haimo katika orodha ileile, kisha mwambie fundi aandike kwenye stakabadhi namba ya kilichotolewa na ya kilichowekwa. Stakabadhi hiyo itunze pamoja na hati za baiskeli, na siku ukiiuza, mkabidhi mnunuzi.