Mwanangu anajikuna usiku na asubuhi anapiga chafya, je ni kunguni?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mwanangu wa pili ana miaka 6, kila akiamka ni chafya mfululizo, pua imeziba, na usiku anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka linakuwa na damu. Baba yake akasema ni kunguni, tukapulizia godoro dawa ya wadudu, sasa ndo kaanza na kukohoa. Mama mkwe anasema mi mchafu. Nirudie kupulizia? Mama wa watoto wawili, Tanga.

JIBU: Mama pole sana, na usirudie hiyo dawa tafadhali, mtoto analalia sumu na kifua chake tayari kinalalamika. Godoro litoe nje lipigwe upepo, na kwa sasa alale kwingine.

Kunguni wangekuwepo ungeona vidoti vyeusi kwenye mishono ya godoro na alama za kung'atwa zimejipanga kama mstari. Ungekuwa upele ungemkuta anajikuna katikati ya vidole, na nyumba nzima mngekuwa mnajikuna. Chafya za asubuhi pamoja na mikunjo kuwasha, hapo mi nawaza pumu ya ngozi na mzio wa utitiri wa vumbi. Sio ule utitiri wa kuku unaoujua, huyu haumi wala hanyonyi damu, ni mdogo sana kama robo ya milimita, anakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka kitandani. Tatizo ni kinyesi chake, kina protini inayoamsha mzio puani na kifuani, na inachubua ule ukuta wa juu wa ngozi, basi ngozi inakauka, inawasha, mtoto anakuna, inazidi kufunguka. Watafiti wa Leiden kule Uholanzi ndo walimgundua miaka ya 1960 kuwa ndo mwenye kesi kwenye vumbi la nyumba.

Na uchafu wala haupo hapa, mwambie mama mkwe kwa heshima zote. Huyu mdudu hanywi maji, anafyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua ilivyo, chumvi yenyewe inalowa kwenye kopo, kwa hiyo hata nyumba inayopigwa deki mara mbili kwa siku anakaa tu.

Anza na mto. Kama analalia mto wa sufi, ule wa siku nyingi ambao ukiupiga unatoa unga, uondoe leo leo hata kama ni wa bibi yake. Shuka, foronya na blanketi fua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, na kama huna mashine changanya sufuria mbili za maji yanayotokota na moja ya maji ya bomba, loweka nusu saa hivi halafu ndo ufue (mtoto akae mbali na hilo beseni jamani). Jua kali linawaua wengi ila kinyesi kinabaki, so kuanika peke yake hakutoshi. Godoro livalishe kava la zipu lililofumwa kwa kubana. Midoli ya manyoya iweke friza siku nzima kisha uifue. Kufagia fagia akiwa hayupo chumbani, na tumia kitambaa kibichi.

Ngozi mpake mafuta mazito mara tu akitoka kuoga, bado ana majimaji, asubuhi na jioni. Zile krimu za tyubu za dukani usimpake kienyeji, nyingi zina steroidi kali na zinaipunguza ngozi ya mtoto ikawa nyembamba.

Hicho kikohozi kisisubiri, mpeleke hospitali wiki hii wamsikilize kifua, na uwatajie jina la dawa mliyopulizia. Usiku ukisikia anapiga filimbi kifuani au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, nendeni saa hiyo hiyo.