Kona ya Gemu: Mwanangu ananipiga kila jioni

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Njiro, Arusha. Shemeji yangu alituletea mashine ya gemu ya Nintendo Switch na gemu ya mbio za magari, Mario Kart 8 Deluxe. Mwanzoni niliichukia, sasa nimenogewa. Tatizo ni mwanangu wa miaka 9. Naongoza raundi mbili nzima, ya tatu nalipuliwa, namaliza wa nane, naye anacheka mpaka anashika tumbo. Nimebadilisha magari, nimejaribu karibu madereva wote, wapi! Hii gemu ni bahati tu, au kuna kitu mnatuficha?
*Mama Mbio, Arusha*

JIBU: Dada yangu, pole, na karibu chamani. Kabla ya yote, mbio zikianza tazama nyuma ya gari lako. Kuna kiantena kimechomoza? Kama kipo, nusu ya ugonjwa tumeshaupata.

Kile kiantena ni alama ya usukani wa msaada. Gemu inakuja nao ukiwa umewashwa tayari, na kazi yake ni kukurudisha barabarani kila unapoelekea kutoka. Mtoto wa miaka minne unamfaa sana. Wewe unakukaba: njia za mkato unakuzuia, na kibaya zaidi, cheche za zambarau huzipati hata ukeshe. Mimi mwenyewe nilicheza nao miezi minne bila kujua. Nina kibanda cha gemu hapa Magomeni, wateja wengi ni wa mpira, ila pembeni nina Switch moja jamaa alinitolea Dubai. Binti mmoja wa darasa la sita ndiye aliyeniumbua mbele za watu: "Anko, mbona gari lako lina eriali?" Simamisha mchezo, utaona alama yake na kitufe cha kuuzima. Zima. Siku mbili tatu utatumbukia kila shimo na mwanao atacheka zaidi. Vumilia.

Sasa hizo cheche, maana ndizo gemu yenyewe. Ukikaribia kona, bonyeza kitufe cha R huku umelaza kijiti cha usukani upande unaokata. Gari linaruka kidogo, linaanza kuserereka ubavu. Usiachie R. Kwenye matairi zitatoka cheche za bluu, baadaye rangi ya chungwa, mwisho zambarau. Ukiachia, gari linachomoka, na kadiri rangi ilivyoiva ndivyo msukumo unavyodumu. Ukikilaza kijiti zaidi kuelekea ndani ya kona, cheche zinaiva upesi. Ukikivuta kwa nje, zinachelewa.

Yule binti nilikaa naye Jumamosi moja nikawa siangalii skrini, naangalia kidole chake cha R. Nikagundua vitu viwili. Kwanza, alikuwa anabonyeza mapema mno, mimi hata kona sijaiona vizuri. Gari linaloserereka linamwaga kwanza kwa nje kabla ya kukata, kwa hiyo ukisubiri mpaka uwe katikati ya kona ndipo ubonyeze, umeshaingia kwenye majani. Pili, kuachia. Mimi nilikuwa naachia nikishaona rangi tu, gari bado limekaa mshazari, basi msukumo unanipeleka ukutani kwa kasi ya ajabu. Yeye anangoja pua ya gari itazame pale anapotaka kwenda, ndiyo anaachia. Kidole kinainuka taratibu kama anatoa kijiko kwenye chai.

Kajifunzie Baby Park. Ni uwanja mdogo wa duara refu, raundi 7, kona mbili ndefu zinazojirudia. Ingia kwenye mbio za muda, uko peke yako na uyoga wako watatu wa kukuongezea kasi, hakuna wa kukutupia kitu. Nusu saa kila usiku watoto wakishalala. Usimwambie mtu.

Kuhusu kulipuliwa raundi ya tatu: bahati ipo, lakini si kama unavyodhani. Masanduku ya vitu, yale unayoyagonga njiani ukapewa silaha, yanapima uko umbali gani na anayeongoza. Aliye mkiani anapewa nyota na radi. Wewe wa kwanza unaambulia sarafu na ganda la ndizi. Na ganda hilo, naapa, ukilipata unalitupa hapo hapo! Acha. Shikilia kitufe cha L, ganda linaning'inia nyuma ya gari, na kobe mwekundu akija (yale magamba ya kobe wanayokurushia wenzako, kibandani tunayaita kobe tu) anaishia kwenye ganda la ndizi, wewe huyo unaenda. Toleo hili linakuruhusu kubeba vitu viwili, kwa hiyo anayeongoza hana sababu ya kukimbia mgongo wazi. Kobe wa bluu, yule anayemwinda anayeongoza, ndiye hazuiliki kwa ganda. Dawa yake ni ile honi kubwa. Ukiipata ukiwa mbele usiipige kwa furaha, itunze kama nauli ya kurudia.

Sarafu nazo usizipite. Zinaishia 10, kila moja inakuongezea kasi, na ukipigwa kobe unamwaga tatu. Kwenye kuanza, kanyaga mafuta pale namba 2 inapotokea. Ukishikilia tangu 3, injini inajichoma.

Halafu kuna siku utafanya yote haya sawasawa, na radi itakupiga ukiwa angani juu ya shimo. Hapo tukana kidogo, ila mtoto asisikie.

SWALI: Mkuu, binamu yangu wa Maskati anasema kwenye Mario Kart, bila dereva Waluigi na gari la Wiggler sishindi kitu. Ni kweli?
*Kijana wa Likoni*

JIBU: Binamu hajakudanganya kabisa; kwa miaka mingi wakali wengi walikuwa hapo. Ila sababu yake huioni kwenye menyu. Wanakuonyesha kasi, mchomoko, uzito, usukani na mshiko, lakini nguvu ya ule msukumo wa cheche wameificha, na ndiyo inayotafutwa. Kama kona bado zinakusumbua, chukua dereva mwepesi kwanza: ukipigwa unarudi kwenye mwendo haraka, ingawa wazito watakusukuma kama makuli wa bandarini. Na 200cc, ile ngazi ya kasi kubwa kuliko zote, achana nayo mpaka uweze kukanyaga breki huku gari linaserereka, bila kuachia R.